Urho Lampinen, Fundi wa Kona za Msituni

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kanisani leo, mimi ni Leonard Lampinen, mdogo wa marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kama nilivyoyaandika, kwa kuwa tangu Ijumaa sisikii kitu chochote moyoni, na nikiinua macho kutoka kwenye karatasi hii sijui nitasema nini.

Marehemu Urho Walfrid Lampinen alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 15 Machi 1949, nyumbani kwetu Tapiola, Michigan, mtoto wa kwanza wa mzee Kalle, mchimbaji wa shaba, na mama Saima, mimi nikamfuata baada ya miaka sita, na hatukuwa na mwingine.

Alianza shule ya msingi hapahapa Tapiola mwaka 1955, akamaliza sekondari mjini Hancock tarehe 2 Juni 1967, na Februari 1969 aliitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani, ambako kwa karibu miaka miwili alitengeneza malori na hakumpiga mtu risasi, jambo ambalo mama alimshukuru Mungu kwalo kila Jumapili. Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa na idara ya barabara ya kaunti kama dereva wa gari la kusukuma theluji, kazi aliyoifanya miaka arobaini kasoro siku chache, mpaka alipostaafu tarehe 29 Aprili 2011.

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na Dolores Beauchamp wa Lake Linden, na tarehe 9 Novemba 1976 Mungu aliwajalia mtoto wao wa pekee, Karin, ambaye yuko mbele yenu na mama yake.

Wengi wenu, hata hivyo, mlimjua kwa pikipiki. Msitu wetu mnaujua, mierezi imebanana, njia inapinda kila hatua kumi, na mwenye injini kubwa hushindwa na anayejua kukata kona, basi Urho alijifungia bandani majira ya baridi ya mwaka 1979 akiwa na rula ya chuma na daftari, akaanza kupima. Aliupunguza usukani upande huu na huu ili upite kati ya miti, akakaza springi ya nyuma mpaka mkia ukaacha kuzama, akalegeza vibano vya shokapu za mbele, akazipandisha milimita tano ndani ya vibano hivyo, ili pua ishuke na tairi la mbele liume udongo. Pikipiki ile ile iliyokuwa ikigoma kwenye kona ikaanza kugeuka kabla hujaiambia. Watu wakaleta pikipiki zao kutoka kaunti tatu, naye akiwakabidhi aliwaambia maneno yale yale, "Tano zinatosha, bwana, ukizidisha itageuka kama paka, lakini ukiingia kwenye barabara iliyonyooka, usukani utakutikisa mpaka ukutupe."

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Septemba 1982, katika mashindano ya msituni karibu na Tapiola, nilitoka kwenye kinamasi nikashika tuta la reli ya zamani, lililonyooka, nikafungua mafuta yote, na usukani ukaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu nikaona mbingu. Mfupa wa paja ulivunjika mara tatu, mguu ukapona ukiwa mfupi, na ndiyo maana nimepanda hapa mbele kwa fimbo. Pikipiki ile aliitengeneza Urho. Baba alipomuuliza mbele ya watu alijibu, "Ndiyo, niliitengeneza mimi," hakuongeza neno, na kuanzia siku ile ikawa desturi mjini kusema kwamba Urho Lampinen alimlemaza mdogo wake kwa ufundi wake wa kubahatisha. Miaka kumi na mitatu hakugusa pikipiki ya mtu yeyote.

Mwaka 1995 Karin alianza kushindana na akawa anaanguka kila kona, akamfuata baba yake, naye akakataa kushika spana, akamwambia apande tu, azunguke mashina mawili nyuma ya banda, yeye akakaa juu ya ndoo akitazama.

"Umekaa nyuma sana, unaendesha au unasindikizwa? Sogea mpaka tangi likuguse."

"Baba, nimesogea."

"Sogea tena. Mguu wa ndani upeleke mbele, usiuburute. Kanyagia mguu wa nje, breki ya nyuma kidogo, usiachie klachi kama umeungua. Na macho! Unatazama shina, ndiyo maana unaligonga shina. Tazama unakokwenda."

Walizunguka mashina yale majira yote ya kiangazi, na mwezi Oktoba, bila kuombwa tena, Urho aliingia ndani akatoka na rula. Mwaka 1998 Karin alikuwa wa pili katika jimbo zima upande wa wanawake, na watu wakaanza kurudi bandani mmoja mmoja, ingawa wazee waliendelea kutikisa vichwa.

Tarehe 21 Juni mwaka huu, 2023, madaktari waligundua saratani ya kongosho, ikiwa imeshasambaa, naye akachagua kurudi nyumbani. Siku ya Jumamosi, tarehe 19 Agosti, saa tisa alasiri, tukiwa barazani na kahawa na mkate wa iliki aliooka Dolores, nilimwambia jambo ambalo ninyi pia lazima mlisikie. Yeye alipandisha zile shokapu milimita tano. Asubuhi ya mashindano, alipokwenda kuandikisha majina yetu, nilizipandisha milimita nyingine kumi na mbili, kwa sababu mazoezini alikuwa ameniacha kwenye kila kona, na nikanyamaza miaka arobaini na moja.

Alitafuna kwanza.

"Najua," akasema. "Niliipima pikipiki ilipoletwa nyumbani, wewe ukiwa bado chumba cha upasuaji."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimseme mtu aliyefungwa vyuma mguuni?"

"Na baadaye?"

"Baadaye ulikuwa unachechemea, Leonard."

Nikamuuliza kwa nini basi aliacha ufundi, akasema ni yeye aliyenionyesha jinsi vibano vinavyolegezwa, tena alinicheka mazoezini, na kwamba kahawa yake ilikuwa inapoa. Sikulia siku ile, na leo sijalia, msinifikirie vibaya. Dolores na Karin niliwasomea karatasi hii jana. Dolores alisema, "Miaka arobaini na moja, shemeji," akaondoa vikombe mezani. Karin akasema, "Baba mdogo, isome kama ilivyo."

Urho alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 6 Oktoba 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi sita na siku ishirini na moja, ameacha mjane, mtoto mmoja na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliokuja nyumbani kila siku mbili, inawashukuru majirani kwa chakula na kuni zilizopasuliwa bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa idara ya barabara waliobeba jeneza, na waendesha pikipiki waliosimama nje mvuani kwa sababu viti vimejaa, tafadhali wapisheni waingie.

Waliomlaumu Urho kwa ajili ya mguu wangu wamo humu, wengine ni ndugu zangu, nami sikuwahi kuwasahihisha hata mara moja. Kuanzia leo lawama hiyo ni yangu, naomba mnipe mimi, nikiwa hai.

Kaka yangu, pumzika kwa amani.