Bi Wasiwasi na Simu ya Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo kipindi chetu ni cha maombolezo. Tunamkumbuka mwalimu wa chuo aliyefundisha nadharia ya ufeministi mpaka chaki zikamjua. Wanafunzi walimwita Bi Wasiwasi. Jina alilijua, na wala hakununa. "Si uongo," aliwahi kuniambia. "Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikishausukuma, narudi tena."

Bi Wasiwasi alikuwa kifungua mimba. Nyuma yake alikuja msichana mmoja tu, mdogo wake. Mama yao alitangulia mapema. Baba alikuwa dereva wa lori. Alipopooza, ndugu walikaa kikao sebuleni. Mkubwa yuko karibu na mtihani, wakasema. Basi mdogo aache shule, amuuguze baba. Huyo mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sinia la chai. Hakuulizwa. Narudia, wasikilizaji: hakuulizwa.

Baba akafariki. Mkubwa akasoma, akaajiriwa chuoni, akaolewa, akajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, kisha akafiwa na mume. Mdogo akaja kumsaidia kulea, "kwa muda tu". Huo muda, jamani, ukaota mizizi. Watoto walimwita Mama Mdogo. Wakakua, wa kiume akaota ndevu, na Mama Mdogo bado yuko jikoni.

Siku moja tulimwalika Bi Wasiwasi hapa studio. Alikuja na chupa ya maji, akausukuma mlango wa studio mara mbili kuhakikisha umefungwa. Nikamwomba atueleze nadharia yake ilianzaje. Hapo woga ukamtoka. "Wanawake waliambiwa kuwa nyuma ni maumbile yao," alisema. "Wakaanza kukaa pamoja, kila mmoja akieleza ya nyumbani kwake. Wakaona yanafanana mno. Kumbe si maumbile, ni mpango wa watu. Na mpango wa watu, watu wanaweza kuupangua."

Na lengo lake, nikamuuliza, ni kumkalia mwanamume kichwani? Akacheka. "Lengo ni mwanamke ahesabiwe mtu kamili. Awe na kauli juu ya kazi yake, mwili wake na maisha yake." Kisha akaongeza jambo. Baadhi ya wale wa kwanza waliandika vitabu huku wanawake wengine wakiwapikia na kuwafulia. Wale wa jikoni walipouliza, "Na sisi je?", ikabidi nadharia ijitazame upya.

Nikafungua simu. Mpigaji wa kwanza alikuwa na sauti ya upole. "Shikamoo, dada," alisema. "Mimi niko jikoni kwako. Na mimi je?"

Wasikilizaji, huyo alikuwa Mama Mdogo. Bi Wasiwasi alivua vile vifaa vya masikioni, akasema, "Nakuja nyumbani," akatoka. Kipindi kilikuwa bado nusu. Niliweka muziki.

Alinisimulia baadaye kwamba njia nzima alikuwa akijiuliza. Atakuta begi limefungwa? Atakuta nyumba tupu? Mganga hajigangi, wahenga walisema. Somo lile alilifundisha miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kulipeleka kwa mtu aliyelala chumba cha pili. Alimkuta mdogo wake sebuleni, ameketi, miguu juu ya kistuli. "Unataka nini, mdogo wangu?" akamuuliza. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kumuuliza. Alitarajia kusikia shule.

"Nataka lori," Mama Mdogo akasema. "Kama la baba."

Hayakuwa masihara. Alijifunza, akapata leseni, akaajiriwa kusafirisha saruji. Nyumbani wali uliungua, ukaungua tena, mpaka watoto wakaomba wanunuliwe mkate. Na ule wasiwasi nao ukapata kazi mpya. Mvua ikinyesha tu, Bi Wasiwasi yuko kwenye simu: umefika? Breki zikoje? "Dada," mdogo wake humjibu, "ukinipigia kila kona, mtaroni utanipeleka wewe."

Mwaka huu Bi Wasiwasi akaugua figo. Ndugu wakakaa kikao tena, na maneno yalikuwa yale yale: Mama Mdogo aache kazi, ndiye anayejua kuuguza. Binti wa marehemu alikuwepo. Anasema mama yake aliomba apewe simu. "Wameshakuamulia," alimwambia mdogo wake. "Mimi nakuuliza. Unataka kuja?" Na alikuwa anaogopa kufa, wasikilizaji. Kando ya kitanda chake hakumtaka mtu mwingine ila mdogo wake.

Mama Mdogo aliomba apewe siku moja afikirie. Siku hiyo mama hakula, binti anasema, simu iko kifuani. Jibu likaja: hapana. Atakuja kila akipata mapumziko, akae naye kama ndugu. Kazi haachi.

"Mama alilia kama mtoto," anasema binti. "Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema, 'Naogopa tu. Lakini woga wangu si kamba ya kumfungia mtu.'"

Aliuguzwa na mwanawe wa kiume. Ndiyo, wa kiume. Ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemkorogea uji wenye mabonge. Mama Mdogo alikuja kila alipopata nafasi. Mara ya mwisho alikuwa barabarani na mzigo, akakazana, akaendesha huku anaomba Mungu. Hakuwahi; alifika dada ameshaaga dunia.

Nilimkuta msibani, ameketi kwenye ngazi za nyuma, bado amevaa koti la kazi. Niliogopa kumuuliza, nikamuuliza hivyo hivyo: unajuta?

"Inaniuma," akasema. "Itaniuma mpaka na mimi niondoke. Lakini baba nilimuuguza bila kuulizwa, nikafika mahali nikamchukia, mgonjwa wa watu. Dada yangu nimempenda mpaka mwisho."

Pole sana, Mama Mdogo. Poleni wanawe, poleni wanafunzi wake wote. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujitazame. Nyumbani kwako yupo mtu ambaye kila mmoja anajua kazi yake, na hakuna anayejua anataka nini. Leo muulize. Kisha, hata kama unaliogopa jibu, usimjibie.