Aliyehamisha Nyumba na Mama Mkwe Ndani

Marehemu kaka yetu, ambaye hata mkewe alimwita Tinga, alizaliwa tarehe 3 Juni 1952 kule bondeni, mahali ambapo leo samaki wanaogelea chumbani kwa mama yetu. Alizaliwa anapiga kelele, na hakuacha.

Shule aliiaga darasa la sita, mwaka 1966. Mwalimu alisema ana kichwa kigumu kama chuma. Basi chuma kikatafuta chuma chenzake.

Mwaka 1975 lilipoanza kujengwa bwawa la umeme, Tinga aliajiriwa kuosha tingatinga, na punde akaliendesha yeye. Jamani, alijidai. Akipita, kuku wanatawanyika, naye anapunga mkono kama bwana harusi.

Bonde zima lilitakiwa kuhama kabla maji hayajapanda. Mama mmoja akagoma, na huyo huyo ndiye mama wa binti aliyemnyima Tinga usingizi.

"Ukimtaka mwanangu," alimwambia, "hamisha nyumba yangu nzima. Na mimi sitoki ndani."

Nyumba ilikuwa ya mbao. Tinga akaipitishia magogo chini, akaifunga minyororo, akaivuta kupanda kilima. Mama yuko dirishani anafoka: "Polepole wewe, chai yangu inamwagika." Sisi nyuma tunashangilia mpaka sauti zinakauka. Ikafika salama. Ila kwa kujidai kwake, Tinga alisahau kuigeuza. Mlango ukaipa kisogo barabara mpya, ukatazama bondeni.

"Mke hakuna," mama akasema. "Igeuze kwanza."

Kesho yake Tinga alimkuta mama kakaa mlangoni, maji yanaingia kwenye mahindi yake.

"Iache hivi hivi, baba. Nikae niliage shamba."

Wakakaa wote wawili, Tinga kimya kwa mara ya kwanza maishani, mpaka mahindi yakazama. Jioni ile akapewa mke. Walifunga ndoa tarehe 9 Aprili 1977.

Bwawa lilituletea taa, likatuletea na mbu. Tinga akisifia taa, mkewe humuuliza: "Na mbu ni wa nani?"

"Wa serikali."

Mapafu yake yalikuwa yamekula vumbi mno. Alilazwa hospitali ya wilaya akisaidiwa na mashine ya kupumulia, na kila nesi aliyepita aliambiwa umeme ule unatoka wapi. Alifariki tarehe 18 Agosti 2021.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, wadogo zake sisi, na mama mkwe wa miaka tisini na mbili, ambaye jana aliwaambia wachimba kaburi: "Lipanueni. Mwanangu hakuzoea kubanwa."

Kaka, amani ikulaze pema.