Mzee Mwinjuma na Gunia la Daraja la Pili

Kabla ya kutaja miaka yake, nina neno ambalo sijamwambia mtu: lile gunia la mwaka 1949, hakulikosea Mzee Mwinjuma.

Anastaafu tarehe 30 Juni 1955, baada ya miaka ishirini na minne katika ghala la Bwana Chan, hapa Temeke, la majongoo bahari yanayokaushwa na kuuzwa kwa Wachina kama chakula. Wafanyakazi wameniomba mimi, binti wa karani Leonardi, niliye bado shuleni, niandike wasifu wake usomwe karamuni.

Alianza kwa kuchemsha majongoo, akawa nyapara. Bwana Chan alimfundisha desturi ya Wachina kwamba biashara huanza kabla ya mzigo. Basi Mzee alikwenda kwa wavuvi wa Mbwamaji bila kununua kitu, akanywa chai, akauliza hali za watoto, akapeleka sukari msibani. Alifanya hivyo hata wakati wa vita, meli zilipoadimika. Vita ilipokwisha, wavuvi walimjia yeye kwanza.

Mwaka 1949 alikuja mnunuzi mkubwa kutoka Singapuri. Nilikuwa mlangoni na chakula cha baba, nikamwona Bwana Chan akivuta gunia kwa mkono wake na kulisifu kuwa daraja la kwanza. Baba akasema, mbele ya mgeni, kwamba ni la pili. Ni kweli lilikuwa la pili, lakini tajiri haumbuliwi mbele ya mgeni. Nikajua baba atafukuzwa kazi.

Mzee Mwinjuma akasogea, akasema polepole, "Karani kasema kweli. Tajiri naye aliniagiza la kwanza, mie nikaliacha nyuma. Kosa langu."

Akaleta jingine. Mgeni akanunua, baba akabaki kazini. Tangu siku hiyo Bwana Chan humketisha Mzee kuliani kwake kila aletapo wageni, na hajasema kwa nini. Mpishi wa ghala, Mwanabaraka, bado humtania: "Shemeji, wali huu daraja la kwanza, au umechanganya magunia tena?" Mzee hucheka tu.

Mzee wetu, ahsante. Mungu akupe afya na mapumziko mema huko kwenu Kibamba.

Nilipomaliza kuandika nikaona kwamba nikiyasoma haya karamuni nitamuumbua Bwana Chan. Nikampa baba karatasi. Aliisoma mara mbili, akaniambia karamuni nisome miaka na kazi tu. Jioni tulikwenda kwa Mzee Mwinjuma. Baba akamwamkia, akamsomea yote mwenyewe, kisha akamshukuru.