Magoti ya Mrumi

Assalaam alaykum, kina mama. Mmeniita nizungumze, na mimi nikipewa nafasi sinyamazi, basi mnivumilie.

Wengi wenu mlikuja kwangu Walthamstow, huku kwa Waingereza, mume wangu alipofariki, miaka ile ya tisini. Eda ikaisha, mimi sikutoka. Cherehani nikaifunika shuka. Simu zenu zikilia naitazama tu simu. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nangoja nimfuate.

Binti yangu akaja na jirani yetu Mwingereza, bibi anayefanya kazi kwenye makumbusho. Huko kazini kwake walikuwa na sanamu ya ofisa wa jeshi la Warumi wa kale, wanataka ashonewe nguo. Nikakataa. Yule bibi hakuondoka, akakaa akanisimulia. Ofisa huyu alikuwa tajiri: ana farasi, watumwa wa kumvisha viatu, na nyumba ambayo sakafu yake ilipashwa moto kwa chini. Hapo nikamwonea wivu, maana hita yangu ilikuwa mbovu. Kwao ni Afrika, kaskazini kule. Akaletwa kwenye baridi hii, akafia huku huku, mkewe akamjengea kaburi zuri.

Nikafunua cherehani.

Vipimo nilipewa, lakini cha urefu nilikipuuza. Nikasema hawa wamekosea. Mtu mzima, kamanda, mwenye mali zake, atembee magoti nje? Nikamshonea hadi kwenye vifundo vya miguu, na shingoni nikamtia darizi. Siku ya kumvalisha, yule bibi akamtazama, kisha akanitazama mimi. Ofisa wao amekuwa bwana harusi wa Kiunguja.

"Mama, nguo zao ziliishia magotini," akaniambia taratibu.

"Kwa baridi hii?"

"Kwa baridi hii."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Sikuwa nimecheka tangu msiba, na binti yangu akanikumbatia huku analia. Nikakata pindo pale pale. Darizi wameiacha, joho lake la kijeshi linaifunika.

Nikamwuliza yule bibi, mke wa ofisa alirudi kwao? Akasema hakuna ajuaye.

Namshukuru binti yangu, namshukuru jirani, nawashukuru na nyinyi mliopiga simu bila kuchoka. Mwenzenu akijifungia, msiishie kumwuliza hali. Mpeni kazi ya mikono yake. Mimi nashona mpaka leo, na nikipita makumbusho namsalimia mzee wangu. Mkewe pia namuwaza. Nadhani baada ya kaburi kukamilika, aliamka asubuhi moja akaomba sindano na uzi.