Mwanangu Kwenye Ziwa la Wifi Yangu

Sifa zote ni za Mungu wetu, ndugu zangu. Mimi ni Mama Ombeni, ninakaa mtaa wa Ndosho, ninauza nyanya na vitunguu sokoni. Nimesimama hapa kanisani kusema jinsi Bwana alivyonitoa kwenye aibu iliyotaka kunimalizia mtoto.

Ombeni alipokuwa bado mchanga kabisa, tulialikwa kwenye karamu kwa shangazi wa mume wangu, kule mtaa wa Himbi. Mtoto akalia, nikamtolea ziwa pale pale kwenye kiti, kama nilivyomwona mama yangu akifanya tangu utoto wangu. Shangazi akachukua kitambaa cha mezani, akanitupia kifuani.

"Funika ile kitu, mama. Kuko wageni."

Watu wakacheka, kisha wakaendelea kula. Wao walisahau. Mimi sikusahau. Kuanzia siku ile, mtu akiwa karibu, mikono yangu ilikataa kufungua nguo. Sokoni nilimpa mtoto biberoni, ile chupa ya kunyonyea, yenye uji mwepesi, nikingoja jioni nifike nyumbani, nifunge mlango, ndipo anyonye.

Sasa, ndugu zangu, katika nyumba yetu tulikaa na wifi yangu, Mama Faida, dada mdogo wa mume wangu. Alijifungua nyuma yangu kidogo. Yule mama alinyonyesha popote. Alinyonyesha juu ya pikipiki, alinyonyesha kwenye mashine ya kusagia, alinyonyesha huku akibishana bei ya makaa na wanaume wamemzunguka. Faida akanenepa, mapaja yakajikunja mikunjo. Mama mkwe wangu akimbeba alisema, "Huyu mutoto anashiba." Akimbeba Ombeni, alinyamaza.

Ule unyamavu ulinichoma. Nilikuwa nafumba macho kuomba, na mapaja ya Faida yanakuja mbele yangu. Wifi akicheka uani, nilisikia kama ananicheka mimi. Nikamwambia mume wangu, "Dada yako anajionyesha kwa wanaume." Akaniangalia tu, akasema, "Si ananyonyesha?" Nilichotaka si afunike kifua chake. Nilitaka ule moyo wake, wa kuketi mahali popote kama mtu aliye kwake.

Ikafika siku ya chanjo. Tukaenda wote wawili kwenye kituo cha afya. Mabenchi yalijaa akina mama, na akina baba wachache wamesimama ukutani. Muuguzi akampima Faida, akatabasamu. Akampima Ombeni, akampima tena.

"Mama, huyu haongezeki. Anarudi nyuma. Muchana anakula nini?"

"Uji," nikasema.

"Na ziwa?"

Nikaanza kumvalisha Ombeni nguo. Akaniambia kwamba tukiendelea hivyo, wataanza kumhudumia kama mtoto wa utapiamlo. Mimi, muuza chakula!

Tulipoketi kungoja sindano, Ombeni akaanza kulia kilio kile kidogo cha mtoto asiye na nguvu. Nikamwomba wifi anishikie, nikaenda kutafuta chumba au kona ya kujificha. Nyuma kulikuwa na choo tu, na mafundi wanajenga. Nikarudi.

Kilio kilikuwa kimeisha. Mwanangu alikuwa kwenye ziwa la wifi yangu, mbele ya watu wote, mkono wake mdogo umeshika kitenge cha yule mama. Faida amelala kwenye paja la pili. Bibi mmoja pembeni alikuwa anawatazama kwa furaha.

"Ni mapasa yako, hawa wawili?" akamwuliza wifi. Kisha akanionyesha mimi kwa kidole. "Na huyu njo yaya wa kukusaidia kulea?"

Ndugu zangu, njaa nimeijua, vita nimevikimbia. Lakini sijawahi kuumwa kama nilivyoumwa na neno lile.

"Hapana," wifi akajibu, "huyu njo mama yake." Akaniambia kwa sauti ya chini, "Alilia sana, Mama Ombeni. Ni mutoto wa kaka yangu. Ningefanya nini?"

Nikamchukua mwanangu. Nikasema moyoni, Bwana, huyu ni wangu. Nikaketi katikati ya benchi, nikafungua vifungo, nikamtolea ziwa. Nikangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Baba mmoja akasogea ili niegemee ukuta. Yule bibi akaniambia, "Mwinue kichwa kidogo, mama," akarudi kwenye mazungumzo yake. Na Ombeni akanyonya mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nikalia kimya kimya. Mungu alitumia hata wivu wangu kunivusha.

Tangu hapo nanyonyesha sokoni, nyanya mbele yangu, wateja wakipita. Ombeni amepata mashavu. Biberoni nimeitupa. Sitawadanganya: wifi akisifiwa, bado kitu kinanichoma kidogo, na ninaendelea kuomba. Lakini siku ile jioni nilimpikia, nikamshukuru, tukala sahani moja.

Asante Bwana, uliyemlisha mwanangu kwa mkono wa yule niliyemwonea kijicho.

Na ninyi mama zangu, ninawaona kila ibada, mahubiri yakianza mnatoka na watoto kwenda kunyonyesha nyuma ya ukuta, kwenye jua. Mtumainini Mungu aliyetia maziwa kifuani mwenu. Rudini ndani. Benchi la mbele lina nafasi. Nitaketi pamoja nanyi.