Sifa za Marehemu

Gari lilipoondoka Homa Bay, Marcella alikuwa angali amekwama kwenye neno moja. Kesho yake angesoma wasifu wa marehemu baba yake mazishini. Uliandikwa kwa Kiingereza na binamu yake wa Nairobi, na humo mzee aliitwa "uxorious".

"Ndugu yangu, hii kweli ni sifa?" alimwuliza jirani yake kitini, Abdurahman, muuza vitambaa, naye akalitafuta neno hilo katika simu.

"Ni mwanamume anayempenda mke wake kupita kiasi. Sifa njema, dada. Soma kwa sauti!"

"Mke yupi? Baba ameacha wawili."

Abdurahman aliirudia simu, kana kwamba kamusi ingewafahamu wajane wa Rodi Kopany, kwao Marcella. "Hapa haijasema."

"Mama atasema ni yeye. Mama mdogo naye atasema ni yeye. Woi, watang'ang'ania jeneza!"

"Basi liruke. Nani huko atajua?"

"Nakala mia mbili zimeshachapishwa, ninazo mkobani, na waombolezaji wote wana simu kama yako."

Abdurahman alifikiri kidogo. "Kwani mzee mwenyewe alimpenda nani?"

Marcella alikuwa amelelewa katika boma lile, na swali hilo halikuwahi kumjia.

Gari liliposimama Rodi Kopany, wajane wote wawili walikuwa wakimngoja stejini, na kila mmoja alinyosha mkono ili apewe nakala yake kwanza.