Ua Lililompa Khan Mgongo

Assalamu alaykum, jamani, na mtulie kidogo. Wewe wa mbegu za alizeti, tafuna taratibu, maana sina muda. Ermat amekimbilia nyumbani kwake kuchukua koleo. Akifika tu, naondoka. Sikilizeni yaliyotokea leo hapahapa, kwenye benchi hili, mbele ya lango la jumba la khan.

Asubuhi tulikuwa watatu na birika la chai ya kijani: mimi, Sotvoldi kinyozi tunayemwita Redio, na huyo Ermat tunayemwita Hakimu, ingawa mahakama anaiona kwa nje tu. Mara akatoka ndani fundi Mamasoli, kucha za buluu, akakaa, chai hakuigusa. Mnamjua. Mwaka wa tatu huu analala chali juu ya jukwaa, anasafisha masizi kwenye dari ya ukumbi wa khan. Mbao mia moja, kila ubao ua lake, na yote yanatazama kiti cha khan. Jana likatoka la mwisho kwenye masizi, kumbe limekipa kiti mgongo! Msimamizi wa jumba akamwambia: umeliharibu wewe. Mkaguzi anakuja saa sita. Ulipake upya lifanane na wenzake, au atapaka fundi mwingine, nawe usipande tena.

— Si ulipake tu, kaka, Redio akasema. Ua moja!

— Huo ni mkono wa mtu wa kale, Sotvoldi. Nikiufuta, mimi fundi gani?

— Basi huo ni mshale! Unaonyesha dhahabu ya khan ilipo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Kiko darini, wewe, unainamia nini? Hakimu akamkata. Nawaambia mimi: mchoraji alimpenda mke wa nne wa khan. Dirisha la bibi lilikuwa upande ule.

— Khan amwachie shingo? Redio akauliza.

— Ndiyo hakumwachia! Ndiyo maana ua halina shina.

— Lina shina, Mamasoli akasema. Nimelisafisha kwa pamba na mate, siku nne.

— Basi alichora khan mwenyewe! Redio akasimama. Warusi wako langoni wanakitaka kiti, yeye yuko juu na brashi, anamtukana mfalme wao kwa ua moja! Penye miti hapana wajenzi!

Mamasoli hakucheka. Saa tano na nusu. Yule fundi mwingine akatupita na sanduku lake, hata salamu hakumpa.

— Mwanachuoni, Hakimu akanigeukia, wewe si umesoma? Sema basi.

Wananiita hivyo tangu nijifunze herufi za zamani, zile za Kiarabu, majira haya ya baridi, na miaka yangu sitini na miwili. Za babu zetu, lakini shuleni kwetu hazikufundishwa. Mamasoli mwenyewe hazijui. Jana alinipandisha jukwaani nizitazame kwenye mbao kadhaa.

— Pembeni ya ua pameandikwa "Kazi ya Niyoz", nikasema. Nimesoma mwenyewe. Ilinichukua saa nzima.

— Jina tu? Hata mimi nina jina! Redio akadakia.

Hapo akafika Hojar, muuza mikate, kapu kichwani. Akasikiliza kidogo.

— Hebu. Mbao hizo zilipakwa zikiwa juu?

— Chini, dada, Mamasoli akamjibu. Hupakwa chini, zikikauka ndio hupandishwa.

— Sasa mnagombania aliyechora tangu asubuhi. Aliyepigilia misumari ni nani?

Wachoraji wa jumba lile tunawataja mpaka mababu zao. Mpiga nyundo, hakuna anayemjua.

Mamasoli akanigeukia polepole.

— Yale maneno uliyasoma umelalaje?

Nikaona aibu.

— Kichwa upande wa mlango.

— Na ya mbao nyingine?

— Kichwa upande wa kiti. Kaka, ubao huu ulinishinda, nikawa najigeuzageuza mpaka ukakubali. Nikadhani ni uzito wangu wa kusoma. Sikutaka mnicheke.

Hakimu akachukua kikombe changu, akakijaza mpaka ukingoni. Kwetu mgeni humiminiwa kidogokidogo ili akae. Ukijaziwa, inuka.

Tukakimbia, na magoti yetu haya. Ndani, yule fundi mwingine brashi imeshalowa buluu, mkaguzi amesimama chini. Nikapanda, nikalala kichwa upande wa kiti: herufi naziona sisimizi tu. Nikageuka kichwa upande wa mlango, nikasoma kwa sauti: Kazi ya Niyoz. Kumbe maneno na ua, vyote vimepinduliwa pamoja: ubao ulipigiliwa kinyume. Msimamizi akamtazama mkaguzi, mkaguzi akatazama dari.

— Haya, msimamizi akasema, ung'oeni ubao, muugeuze. Ila ukipasuka, Mamasoli, lango hili usilitafute tena.

Ubao ule umekauka miaka mia na hamsini, mkavu kama mkate wa juzi. Misumari miwili imetoka kwa vidole. Miwili kutu imeishika, na kule hakuna koleo linaloweza kuingia hapo. Hivi ninavyosema, Mamasoli yuko juu, ameukingia viganja vyote viwili na paji la uso, usije ukaning'inia ukavunjika kwa uzito wake wenyewe. Ameniambia: kimbia, lakini mlango usiubamize, ubao usije ukatikisika.

Huyo Ermat! Lete, Hakimu, lete hapa. Chai yangu msiimwage. Nitakuja kuinywa hata ikiwa baridi, niwaambie ua linatazama wapi.